Mwenye Bonde Hili Ni Nani?

Mawaidha kwa Muislamu anayelala msituni ukingoni mwa mto

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba nchi kavu na bahari, akapitisha mito baina ya majabali na misitu, akaufanya usiku kuwa vazi na usingizi kuwa raha. Rehema na amani zimshukie Bwana Mtume Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake, na kila aliyeifuata njia yao kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo. Watu wa pwani wana desturi ya tangu zamani ya kutoka mjini na kupiga dago mahali pasipo nyumba wala mlango. Yuko aendaye kuvua, na yuko aendaye kurina asali, na yuko msafiri aliyeingiliwa na usiku njiani. Na siku hizi wako pia vijana waendao kwa kupumzika tu, wakae siku mbili tatu wakitazama maji na miti. Hapana ubaya katika haya maadamu nia ni njema, kwani Mwenyezi Mungu amewaamrisha waja wake watembee katika ardhi wapate kutazama namna alivyoanza kuumba.

Mfano ulio karibu ni mto wa Tana, ulio mrefu kuliko mito yote ya Kenya, upatao urefu wa kilomita 1,000. Maji yake hutoka Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, hupita Garissa na Hola na Garsen, kisha huingia baharini Kipini. Nchi iliyo mbali kidogo na mto ni kavu, ya miiba na vumbi. Lakini ukingoni penyewe husimama msitu wa miti mirefu, kama utepe wa majani uliotandikwa juu ya mchanga. Mtu akisimama juu ya ukingo ulioinuka huona maji mekundu yakizunguka chini yake, na ng'ambo ya pili huona vilele vya miti na ndege wakirejea matunduni. Mchana mahali hapo ni pazuri mno.

Usiku mambo hugeuka. Mtu aliyezoea kulala akisikia sauti za majirani, husikia kiboko akikoroma majini, na tawi likivunjika asijue ni nini kilicholivunja. Hofu humwingia moyoni. Na hofu hii si dhambi, kwani ni tabia aliyoumbiwa binadamu, Nabii Musa (A.S.) naye aliingiwa na hofu fimbo yake ilipogeuka nyoka. Lakini hofu humfanya mtu aulize swali ambalo mjini hakulijali: mahali hapa ni pa nani, na ni nani aombwaye ulinzi? Jawabu atakalolitoa usiku ule, peke yake na Mola wake, ndilo linaloonyesha imani yake ni ya kiasi gani.

Habari ya watu wa Jahiliya

Waarabu wa zama za Jahiliya walikuwa wakisafiri, na wakiingiliwa na usiku katika bonde tupu, mmoja wao husema ya kuwa anajikinga kwa mkubwa wa bonde lile, amlinde na shari ya wapumbavu wa kabila lake. Mkubwa waliyemkusudia ni jini. Wafasiri wa Kurani wameyataja haya katika Sura ya Jinni, aya ya 6, ambapo Mwenyezi Mungu ametoa habari ya kuwa walikuwako wanaume katika wanadamu wakijikinga kwa wanaume wa kijini, na kujikinga kule kukawazidishia uovu. Wafasiri wengine wamesema waliozidi ni majini, walizidi kiburi. Na wengine wamesema waliozidi ni watu, walizidi hofu. Na maana mbili hizi hazipingani. Mwenye kumnyenyekea asiyestahiki humzidishia yule kiburi, na nafsi yake huizidishia woga. Na kila safari humdai zaidi ya aliyotoa safari iliyopita.

Mwenye akili na atazame kama jambo hili limekwisha. Wako watu wa pwani, wenye kusali na kufunga, ambao wakifika penye mbuyu mkubwa au pango au kina cha mto huacha ubani, au hufunga kipande cha nguo tini, au hutupa majini pesa na chakula, wakasema ni haki ya wenyewe wa mahali. Akiulizwa mmoja wao, hujibu: Hii si ibada, ni adabu tu, kwani mgeni hapigi hodi?

Maneno haya yana utamu kwa sababu hodi ni adabu njema, na Sharia yenyewe imeamrisha kubisha kabla ya kuingia nyumba ya mtu. Lakini hodi hupigwa kwa mwenye nyumba. Mtu akiingia nyumba ya Sultani, akampita Sultani asimwamkie, akaenda kumpigia magoti mtumishi aliyesimama nyuma ya mlango, huyo hakuwa na adabu; amemvunjia heshima mwenyewe mbele ya watumishi wake. Majini ni viumbe, wameumbwa wamwabudu Mwenyezi Mungu kama walivyoumbwa watu. Wamo waliosilimu na wamo waliopotoka. Hawamiliki bonde, wala mto, wala jani moja la mti.

Na madhara yake hayamwishii mwenyewe. Linapotoka kundi la watu, wazee na vijana, na mzee anayesimama safu ya kwanza msikitini akaonekana usiku akiweka ubani chini ya mti, kijana aliye pembeni hujifunza somo ambalo chuo hakitaweza kulifuta kwa upesi. Hujifunza ya kuwa Mola wa msikitini ni wa mjini, na ya kuwa msituni yuko mwingine. Mzee huyo hakusema neno hilo kwa ulimi, lakini mkono wake umelisema. Na atakapokufa, ubani utaendelea, na dhambi yake itakuwa na sehemu katika kila chembe.

Hodi aliyoifundisha Mtume

Bwana Mtume (S.A.W.) hakuwaacha watu na hofu yao bila ya dawa. Imepokewa katika Sahihi ya Imamu Muslim, kwa Bibi Khaula binti Hakim (R.A.), ya kuwa mwenye kutua mahali, akajikinga kwa maneno ya Mwenyezi Mungu yaliyotimia na shari ya vyote alivyoviumba, hakitamdhuru kitu mpaka aondoke mahali pale. Mwenye kuizingatia dua hii ataona ya kuwa imekuja kuondosha maneno ya Jahiliya na kukaa mahali pake. Wao walijikinga kwa kiumbe na shari ya viumbe. Muislamu hujikinga kwa maneno ya Muumba na shari ya vyote alivyoviumba, yaani mamba na nyoka na mwizi, na huyo huyo jini aliyekuwa akiitwa mkubwa wa bonde.

Hiyo ndiyo hodi. Haina gharama ya ubani wala pesa. Na inampasa mkubwa wa msafara aisome kwa sauti wanapotua, ili vijana waisikie na waijue, kwani kijana huiga alichokiona kwa wakubwa wake katika saa ya hofu.

Kujilinda na kushika sababu

Mtu asidhani ya kuwa mwenye kusoma dua ameruhusiwa kulala po pote. Mtume (S.A.W.) alimwamrisha mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha ategemee, imepokewa na Tirmidhi. Basi mwenye kutua kando ya mto na ashike sababu.

Ya kwanza, ni kuchagua mahali. Mto wa Tana una desturi ya kufurika nyakati za masika na vuli, na maji yake yaweza kupanda usiku ilhali mbingu ni nyeupe na hapana hata tone la mvua, kwa sababu mvua imenyesha mbali, juu milimani. Waliofikiwa na mafuriko makubwa ya mwaka 1961 na ya miaka 1997 na 1998 wanazo habari zake. Kwa hiyo haifai kulala penye mchanga ulio chini, japokuwa ni mlaini na wenye upepo. Afadhali mahali palipoinuka. Lakini ukingo ulioinuka nao una hila yake. Maji huula kwa chini, mchana na usiku, na juu yake majani yamesimama mazuri kama kwamba hapana kitu; kisha siku moja hubomoka pamoja na miti yake. Imepokewa katika Sunan ya Abu Daud ya kuwa mwenye kulala juu ya dari isiyo na kizuizi ameondokewa na dhima ya kulindwa. Basi na alale mbali na kando, hatua nyingi, wala asitandike mkeka wake penye kubomoka kwa kutaka kutazama maji.

Ya pili, ni kuacha njia. Imepokewa katika Sahihi ya Muslim ya kuwa Mtume (S.A.W.) aliwakataza wasafiri kulala njiani usiku, kwani njia hupitiwa na wanyama na wadudu wenye sumu. Na wakaao kando ya mto wanayajua haya kwa macho yao: kiboko hutoka majini usiku kwenda kula majani, naye hufuata mapito yale yale yaliyosuguliwa na miguu yake. Mwenye kupiga hema juu ya pito la kiboko kisha akalaumu jini, amedhulumu jini.

Ya tatu, ni kukusanyika. Masahaba walikuwa wakitua hutawanyika mabondeni, na Mtume (S.A.W.) akawaambia ya kuwa kutawanyika kule ni katika mambo ya Shetani. Tangu siku hiyo wakawa wakitua hukaa karibu karibu, hata ikasemwa ya kuwa lau wangalitandikiwa nguo moja ingaliwaenea. Na wakiwa watu watatu safarini, wamfanye mmoja kuwa mkubwa wao. Huyo ndiye atakayegawa zamu, na kupima kuni na maji, na kujua nani amekwenda mtoni na kama amerudi.

Sala haikai mjini

Jambo lililo zito kuliko yote ni sala. Wako watu ambao mjini hawaachi jamaa, lakini wakipiga dago huziacha sala zikapita, wakasema udhuru ni mwingi: maji ni machafu, kibla hakijulikani, na nguo zina tope. Sharia imezijibu nyudhuru hizi zote kabla hazijasemwa.

Ama maji, katika madhehebu ya Imamu Shafi maji yaliyogeuka rangi kwa udongo wa mahali yanapokaa au yanapopita ni safi na yasafisha. Wekundu wa maji ya Tana ni udongo yanaouchukua njiani, basi udhu wake ni sahihi wala hapana shaka. Yanayoharibu ni najisi, inapoyageuza maji mengi rangi au tamu au harufu. Na ikiwa baina ya mtu na maji kuna mamba anayeonekana, au hatari iliyo wazi juu ya nafsi yake, haikumlazimu kuitia nafsi yake katika maangamizo. Na atayamamu kwa udongo safi wenye vumbi, baada ya kuingia wakati, mapigo mawili, moja la uso na moja la mikono mpaka vifundo vya viwiko. Lakini asiufanye uvivu wa kushuka ukingo kuwa ni mamba.

Ama kufupisha, mwenye safari isiyo ya maasi, anayejua aendako, na safari yake ni marhala mbili au zaidi, ambazo wanazuoni wa leo huzikadiria kuwa kilomita 80 na kitu, ameruhusiwa kusali adhuhuri na alasiri na isha rakaa mbili mbili, na kukusanya adhuhuri na alasiri, na magharibi na isha. Mtu wa Mombasa aendaye Garsen amekwisha kupita masafa hayo. Lakini akinuia kukaa mahali pamoja siku 4 kamili, isihesabiwe siku ya kufika wala siku ya kuondoka, ruhusa yake imekatika tangu afikapo, na atasali sala zake kamili.

Ama kibla, watu wa sehemu za Tana wamepewa wepesi mkubwa, kwani Makka imewaelekea karibu sawasawa na kaskazini. Hapo mto kwa jumla hutoka kaskazini ukaenda kusini. Lakini mtu asiufanye mto kuwa dira yake, maana hupinda na kujikunja hata mahali pengine maji huenda upande usiodhaniwa. Wala asitafute nyota ya Jaa, kwani nyota hiyo waitegemeayo mabaharia wa Ghuba imezama chini ya upeo kwa mtu aliye kusini ya mstari wa istiwai. Na atazame jua linapokuchwa, aliweke mkono wake wa kushoto, na uso wake utakuwa umeelekea upande wa kibla. Na mwenye dira na aitumie.

Kisha na aadhini. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari ya kuwa Abu Said al-Khudri (R.A.) alimwambia mtu aliyependa kukaa nyikani na mbuzi na kondoo wake, ya kuwa akiadhini anyanyue sauti, kwani hakisikii jini wala mtu wala kitu cho chote sauti ya mwadhini ila kitamshuhudia Siku ya Kiyama, na akasema ameyasikia hayo kwa Mtume (S.A.W.). Ndugu Waislamu na wayazingatie haya. Jini yule yule ambaye mjinga amempelekea ubani ili amwache alale, Muislamu aadhinipo humfanya kuwa shahidi wake. Yule amejifanya mtumwa wa kiumbe, na huyu kiumbe kimekuwa shahidi wake, nao wote wawili wamelala katika bonde moja, usiku mmoja.

Moto na zamu

Nyumba moja iliungua Madina usiku pamoja na wenyewe, na habari ilipomfikia Mtume (S.A.W.) alisema ya kuwa moto ni adui, na akaamrisha uzimwe watu wanapolala. Haya yamo katika Bukhari na Muslim. Basi ikiwa watu wa dago wanauhitaji moto kwa ajili ya wanyama, na uwe na mtu wa zamu aliye macho, na majani makavu yaondoshwe pande zote. Na pasipo mtu wa zamu, na uzimwe kwa maji mpaka mkono uweze kuligusa jivu. Msitu uliochukua miaka mia kusimama huteketea kwa kijinga kimoja kilichosahauliwa, na mwenye kukisahau atadaiwa. Kwani Sharia humlazimisha aliyeharibu kulipa japokuwa hakukusudia.

Na mtu wa zamu ana kazi nyingine iliyo kubwa kuliko moto, nayo ni alfajiri. Mtume (S.A.W.) aliporejea kutoka Khaibar, katika mwaka wa 7 wa Hijra, alisafiri usiku mpaka usingizi ukawashinda watu, wakatua. Akamwachia Sayyidna Bilal (R.A.) awalindie alfajiri. Bilal akasali alivyojaaliwa, kisha karibu na alfajiri akaegemea kipando chake akielekea upande linapochomoza jua, na macho yake yakamshinda. Hakuamka mtu mpaka jua likawapiga. Wa kwanza kuamka alikuwa Mtume mwenyewe, na Bilal akasema ya kuwa kilichoishika nafsi yake ni kile kile kilichoishika nafsi ya Mtume. Hakukemewa. Waliamrishwa wasogee kidogo kutoka mahali pale ambapo Shetani aliwahudhuria, wakatawadha, pakakimiwa, wakasali.

Katika kisa hiki mna faraja na mna onyo. Faraja ni kwamba aliyeshindwa na usingizi baada ya kuweka mlinzi hana dhambi. Na asali aamkapo. Onyo ni kwamba mlinzi aliwekwa. Wale walikuwa wachovu wa vita na safari, na juu ya hayo hawakulala mpaka wajue ni nani atakayewaamsha. Basi ana udhuru gani aliyekesha kwa mazungumzo na kahawa mpaka usiku wa manane, akajifunika asimwachie mtu zamu, kisha akasema usingizi umemshinda? Huyo hakushindwa, amejisalimisha. Na itazamwe kadhalika ya kuwa Mtume (S.A.W.) alipotaja kuhudhuria kwa Shetani, hakuamrisha kitu kitolewe kwa ajili ya mahali. Aliamrisha udhu na sala.

Haki za jirani

Majini si wenye bonde, lakini ni majirani, na jirani ana haki. Mtume (S.A.W.) amekataza kustanji kwa mfupa na kwa kinyesi cha mnyama, akaeleza ya kuwa ni chakula cha ndugu hao wa kijini na malisho ya wanyama wao. Amekataza pia kukojoa katika tundu. Mwenye kuzishika adabu hizi amewapa majini haki yao iliyowekwa na Mwenyezi Mungu; na zaidi ya hayo hawana wanachokidai.

Na walio na haki kubwa zaidi ni wanadamu walio mbele ya mto. Maji yanayompita mtu wa dago asubuhi ndiyo yatakayochotwa na mwanamke wa Kipokomo chini yake, akapikia na kuwanywesha wanawe. Mtume (S.A.W.) ametahadharisha na mahali patatu panapoleta laana: kujisaidia penye kuchotwa maji, na katikati ya njia, na kivulini wanapopumzika watu. Mwenye kupiga dago ukingoni anapata vyote vitatu mahali pamoja. Basi na aende mbali, achimbe, afukie.

Na wanyama nao wana haki. Ibn Masud (R.A.) amesimulia ya kuwa walikuwa safarini pamoja na Mtume (S.A.W.), wakamwona ndege na makinda wawili, wakawachukua makinda. Mama akaja akitandaza mbawa zake. Mtume alipomwona akauliza ni nani aliyemtia uchungu kwa wanawe, akaamrisha warudishiwe. Kisha akaona kichuguu cha sisimizi walichokichoma, akasema ya kuwa haipasi kuadhibu kwa moto ila Mola wa moto. Katika msitu wa Tana wako mbega mwekundu na kima mwenye shungi, namna mbili zisizopatikana porini mahali pengine po pote duniani, na kwa ajili yao sehemu ya msitu ilitengwa na serikali mwaka 1976. Amri ya mwenye mamlaka iliyo na maslaha ya watu hufuatwa kwa Sharia, japokuwa hapana askari anayetazama. Na mrina asali atumiaye moshi kuwafukuza nyuki hana lawama, lakini aachaye mwenge ukiwaka chini ya mzinga akaenda zake, ameiba zaidi ya asali.

Yote haya yametoka katika jawabu la swali lile la kwanza. Mwenye kuamini ya kuwa bonde ni la jini, hulipa ubani, kisha huona amelipa, akakata na kuchoma na kuchafua apendavyo. Mwenye kujua ya kuwa bonde ni la Mwenyezi Mungu halipi kitu, na juu ya hayo hatoki na amani mpaka alirejeshe kama alivyolikuta.

Siku ya kuvunja dago

Asubuhi ya kuondoka, mkubwa wa msafara na azunguke. Mashimo yafukiwe, jivu limwagiwe maji, taka zifungwe zirudi mjini na mizigo. Mtu asiseme ya kuwa hapana aliyeona. Mwenyezi Mungu ametaja katika Sura ya Zilzala ya kuwa siku hiyo ardhi itazitoa habari zake, na Mtume (S.A.W.) ameeleza ya kuwa habari hizo ni kumshuhudia kila mja, mume na mke, kwa alilolitenda juu ya mgongo wake. Ukingo ule wa mto utataja sala iliyosaliwa juu yake na sala iliyopitwa; utataja kijana aliyeadhini, na utataja ubani na mkono uliouweka.

Na katika Sura ya Tauba, aya ya 109, Mwenyezi Mungu amepiga mfano wa watu wawili: mmoja ameweka msingi wa jengo lake juu ya ucha Mungu na radhi zake, na mwingine ameuweka juu ya kando ya ukingo uliolika kwa chini, wenye kubomoka, ukamporomosha katika moto wa Jahannamu. Aliyepata kulala juu ya mto anaujua ukingo huo kwa macho yake. Juu una majani na kivuli, na chini hauna kitu. Ndivyo ilivyo imani ya mwenye kumwomba Mola mjini na kumwomba mwingine msituni. Huonekana imesimama mpaka usiku wa hofu, na usiku huo ndio inapobomoka.

Basi Muislamu na aende mtoni, alale chini ya miti, avue, apumzike, na arudi kwa jamaa zake kwa salama. Lakini akiulizwa na nafsi yake katikati ya usiku mwenye bonde hili ni nani, jawabu liwe limekwisha kutangulia katika ulimi wake tangu alipotua.

Ewe Mola, walinde wasafiri wa nchi kavu na wa baharini, waamshe kwa sala zao, na uwatoe katika hofu ya viumbe uwatie katika hofu yako. Amin. Wallahu aalam.